Yai, Chungu Cheusi na Mwanga wa Fundi Picha

Habari ya kifo chake niliipata kwa picha, na picha yenyewe ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimekaa barazani nakunywa chai, simu ikalia mlio wa lile kundi letu la watu tuliowahi kufanya kazi Nachingwea na Ruangwa. Nikaifungua nikidhani ni zile salamu za Jumapili zenye maua. Nikamkuta yeye. Amelala kwenye kitanda cha hospitali, taya limefungwa kwa kitambaa, na aliyempiga picha aliwasha tochi ya simu karibu kabisa na uso, hata paji likawa doa jeupe na macho yakawa mashimo. Chini yake mtu ameandika, "Fundi katutoka, poleni wote." Zikafuata alama za mikono iliyokutanishwa, moja baada ya nyingine, kila mtu akiwahi kuweka ya kwake. Niliifunika simu kifudifudi mezani. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamjibu kwamba amefariki yule mpiga picha wa Nachingwea, na wamempiga picha vibaya. Najua ni jambo la ajabu kulisema mtu akifa, lakini ndivyo lilivyonitoka, na hasira yake ninayo mpaka sasa.

Wengi wenu hamkumjua, na wala hakuwa mtu wa kujulikana. Alikuwa na chumba kimoja cha studio jirani na soko la Nachingwea, pazia la bluu ukutani, kiti cha kuzunguka kisichozunguka, na pikipiki iliyokuwa ikimpeleka vijijini kupiga picha za ndoa, kipaimara na wanafunzi wanaomaliza shule. Kwao kulikuwa Mnero. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule moja ya msingi kule Matambarale, mgeni niliyetoka mkoa wa mbali, na urafiki wetu ulianzia kwenye ugomvi, maana alinifokea mbele ya wanafunzi kwa sababu nilikuwa nachekelea kamera. "Mwalimu, acha kutoa meno kama unauza dawa ya mswaki," alisema, "kaa kama unavyokaa ukisahihisha madaftari." Watoto walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilinuna, nikakaa nilivyo, na ile picha mpaka leo ndiyo pekee ambayo mama yangu mzazi aliikubali kuwa ni mimi. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mpole hata kidogo. Mteja akija na tabasamu la kuazima alimrudisha nje akalitue.

Kitu kilichomsumbua maisha yake yote ni mwanga. Alikuwa na flashi, ile taa ndogo inayokaa juu ya kamera na kumulika kwa nguvu mara moja, na alikuwa akiilaani kama mtu anavyomlaani jirani ambaye hawezi kuhama. Bila flashi, mtu aliyesimama barazani huku nyuma yake jua la saa sita linawaka anatoka mweusi tii, huoni pua wala mdomo. Ukiiwasha, uso unang'aa kama umepakwa mafuta ya kula, na nyuma ya kichwa kinajichora kivuli kikali. "Wenzetu wa mjini wanaielekeza darini," aliniambia, "mwanga unagonga dari nyeupe unarudi chini umetulia. Sasa nenda nyumba za huku uniletee dari." Alikuwa na haki ya kulalamika. Nyumba nyingi tulizokuwa tukiingia hazikuwa na dari, juu ni nyasi au bati lililojaa masizi ya miaka, na mwanga ukipanda kule unamezwa hukohuko.

Mwaka mmoja alikuja kupiga picha ya darasa la saba. Katika darasa lile tulikuwa na msichana mwenye ualbino. Wenzake walimpenda, alikuwa hodari wa kuimba na mwepesi wa kujibu, ila jua lilimtesa na macho yake hayakutulia kwenye mwanga. Fundi aliwapanga wanafunzi barazani, akapandisha flashi ili nyuso nyeusi za watoto wetu zitoke vizuri, akapiga. Picha zilipoletwa, kila mtoto alikuwa na sura yake, isipokuwa yule msichana. Mahali pa kichwa chake palikuwa na uwazi mweupe juu ya sweta la shule. Hapakuwa na jicho, wala mdomo, wala chochote. Mwanga uliowafaa wengine wote ulikuwa umemfuta yeye. Watoto wakacheka, watoto ni watoto, na yeye mwenyewe akacheka nao kidogo, kisha nikamwona ameigeuza picha ile na kuikalia.

Mama yake alikuja shuleni siku iliyofuata. Alikuwa mkulima wa ufuta na mbaazi, mama mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kikichanganyika na Kimwera pale moyo ulipomjaa. Aliiweka ile picha juu ya meza yangu, akaweka kidole juu ya ule uwazi mweupe. "Mwalimu, mwanangu hana uso?" Nikamweleza habari za kamera. Hakuwa anasikiliza. Akaniambia kilichomleta. Zilikuwa nyakati zile za kutisha ambazo wote tunazikumbuka, watu wenye ualbino wakiwindwa na wenzao kwa tamaa ya utajiri wa kishirikina, na yeye na kaka yake walikuwa wamekwishaamua kwamba mtoto akimaliza darasa la saba apelekwe shule ya bweni yenye uzio na mlinzi, mbali sana, mahali ambapo yeye asingeweza kwenda kumwona kila akimkumbuka. Alitaka abaki na picha. Alikuwa hajawahi kuwa na picha ya mtoto yule hata moja yenye uso. "Akienda huko nitakaa na nini? Nitakaa na sweta?"

Nilipompelekea Fundi maneno hayo, nilidhani atanijibu kwa ukali wake wa kawaida. Wapi. Akaichukua ile picha, akaiinamia chini ya dirisha muda mrefu, akasema, "Nimemfuta mtoto wa watu." Kuanzia siku ile akawa kama mgonjwa. Alikuwa akitafuta namna ya kuichuja flashi, mwanga utoke mwororo na kusambaa badala ya kutoka kama kofi. Alianza kwa kuifunika kwa karatasi ya chooni, ikapata joto na kunuka. Akajaribu kifuniko cha ndoo ya rangi, watu wote wakatoka wa manjano kama wana homa. Akajaribu kipande cha chandarua, kikapitisha mwanga uleule. Mwisho akachukua dumu jeupe la sabuni ya maji, lile ambalo ukilishika juani unaona kivuli cha vidole upande wa pili, akalikata na kulikunja mfano wa kofia, ndani akabandika karatasi ya kung'aa ya pakiti za biskuti upande wa nyuma, mbele akatandika kitambaa cheupe chepesi, na kuifunga kofia hiyo kwenye flashi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kitambaa chenyewe kilikatwa kwenye shumizi ya mkewe, na mkewe alikuja kuligundua hilo akiwa anajiandaa kwenda kanisani. Ugomvi wa siku ile ulisikika mpaka sokoni. Kile kidude alikiita chujio.

Sasa chujio lilihitaji kujaribiwa, na hapa ndipo balaa lilipoanza. Hakutaka kumsumbua msichana yule kwa kummulika mara kwa mara, macho yake yalikuwa yanauma. Kwa hiyo alitafuta kitu cheupe sana na kitu cheusi sana. Akanunua yai. Akaazima kwa mama lishe jirani yake chungu chenye masizi. Akaviweka bega kwa bega mezani juu ya kitambaa cheupe, akafunga mlango na dirisha ili kuwe na giza, akaanza kupiga. Mwanga ukizidi, yai linakuwa duara jeupe lililobandikwa hewani, huoni kwamba lina mgongo na tumbo. Mwanga ukipungua, chungu kinapotea gizani. Alikuwa akitafuta mahali pa katikati, akisogeza, akiinua, akiongeza kitambaa, akipunguza. Alifanya hivyo mchana baada ya mchana. Mama lishe alipofuata chungu chake, akasukuma mlango, na alichokiona ni mwanamume amepiga magoti gizani mbele ya yai, chungu cheusi na kitambaa cheupe, radi inapasuka mkononi mwake.

Jamani, semeni ninyi wenyewe. Mngefikiri nini? Mama wa watu aliacha chungu akaondoka bila kuaga. Kabla ya jioni soko zima lilijua kwamba Fundi picha ameingia kwenye mambo ya giza. Wateja wakapungua. Mwingine alimwambia wazi kwamba haachi sura yake kwenye nyumba ya ramli. Yeye aliona ni upuuzi, akanicheka hata mimi nilipomwambia ajieleze. "Nijieleze kwa nani? Kwa yai?" Alikuwa na kiburi hicho, cha mtu anayedhani kwamba kwa kuwa yeye anajua anachokifanya, basi na wengine wanajua. Hakujua kwamba maneno yale yalikuwa yamepanda magari ya mnada, yakafika Ruangwa, yakaingia Matambarale kabla yake.

Alikuja kwa pikipiki Jumamosi asubuhi, begi mgongoni, amefurahi kama bwana harusi. Tukaenda pamoja mpaka nyumbani kwa yule mama. Uwanjani tulimkuta kaka yake mama, yaani mjomba wa mtoto, na wanaume wengine wa jirani, fimbo zimelazwa magotini. Wasomaji wa mikoa mingine niwaambie tu kwamba kwa Wamwera mjomba si mgeni wa sikukuu. Mtoto wa dada yake yuko mikononi mwake. Hakutukaribisha viti. Alisema, "Mwalimu, wewe kaa pembeni. Huyu afungue begi."

Fundi akafungua. Ikatoka kamera. Ikatoka flashi, na lile chujio la dumu na shumizi, ambalo kwa kweli lilikuwa na sura mbaya kama kichwa cha kitu kisichojulikana. Halafu mjomba akaingiza mkono mwenyewe, akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uangalifu, akakifungua. Ndani kulikuwa na yai.

Wote wakalikodolea macho. Fundi alikuwa amelibeba ili alijaribie mwanga wa nyumba ile kabla mtoto hajakaa, maana kila nyumba ina giza lake. Huo ndio ukweli na ndio ulikuwa upumbavu wake. Mtu unatuhumiwa uganga, unakwenda kwenye nyumba ya mtoto anayewindwa, na yai umelifunga kwenye kitambaa cheupe! Wanaume wakasimama. Mmoja alimkamata ukosi. Mimi nilianza kusema maneno mengi ambayo hakuna aliyeyasikia, na nakiri niliogopa, kwa sababu nilijua watu wamekwishauawa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Yai la nini?" aliuliza mjomba. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Fundi akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa ujasiri au ujinga. "Yai ni huyo mtoto," alisema. "Na chungu ni mimi na wewe."

Fimbo ziliinuka. Aliyezizuia ni mama. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mtoto nyuma yake kashika kanga yake, akasema na kaka yake kwa Kimwera, kwa haraka, mimi nikaambulia maneno machache tu. Halafu akamgeukia Fundi. "Mwachieni aseme. Sema vizuri, baba. Sema kama unaongea na mimi." Naye akasema. Akaeleza kwamba mwanga ulimfuta mtoto kwa kuwa uliwekwa kwa ajili ya nyuso nyeusi tu. Akaeleza kwamba hakutaka kumuumiza macho kwa majaribio, akatumia yai. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakukuwa na ukali katika sauti yake. Aliongea kama anaomba maji.

Mama alimtazama. Akalichukua lile yai mkononi mwa kaka yake, akaingia jikoni, akatoka na chungu chake mwenyewe cha kupikia ugali, cheusi tititi. Akaviweka juu ya kinu kilichopinduliwa, ndani, palipo na giza. "Haya. Piga hivi kwanza, tuone." Fundi akavisha chujio kwenye flashi, ukanda wa tyubu ukamtoka mara mbili, akapiga. Kile kioo kidogo nyuma ya kamera kikaonyesha yai, limeviringika, na kivuli chepesi ubavuni. Kando yake chungu, na ungeweza kuona mpaka mkwaruzo wa mwiko. Wanaume wakainama mmoja baada ya mwingine. Mjomba aliangalia, akatazama yai lenyewe, akaangalia tena. Alirudi akakaa, fimbo akaiweka chini.

"Sasa tupige mimi na yeye," alisema mama. Akaketi kwenye mkeka, akamvuta binti yake, mashavu yao yakakaribiana, lile jeusi lililochomwa na jua la shamba, na lile jeupe lenye madoa. Mtoto alikuwa amekwishafumba macho kwa mazoea, akisubiri kofi la flashi. Fundi akamwambia, "Fungua mama, sikupigi." Akafungua. Mwanga ukapita. Msichana akapepesa macho, akasema kwa mshangao, "Haikuuma." Neno hilo tu. Fundi akageukia ukutani, akajifanya anarekebisha kamera.

Niliiona picha ile, na nimeona picha nyingi tangu hapo. Sura mbili, kila moja na macho yake, na ulikuwa unaona waziwazi kwamba pua ni moja na paji ni moja, kwamba huyu katoka kwa yule. Mtu asiyewajua angesema bila kuambiwa, mama na mwana. Lakini mjomba alikuwa bado na neno. Picha ile isibaki kwa mtu yeyote ila mama, maana picha ya mtoto yule ikizagaa mjini ni kuwaonyesha wabaya njia. Alikuwa na haki. Mama akapanda pikipiki ya Fundi mpaka Nachingwea, mimi nikawafuata kwa gari la abiria, akakaa kwenye kile kiti kisichozunguka mpaka picha ikasafishwa, nakala moja. Kisha akauliza, "Na iliyobaki ndani ya mashine?" Fundi angeweza kubonyeza kitufe na kusema imefutika, nani angejua? Akachomoa kadi ya kamera, pamoja na kazi za watu wengine zilizokuwamo, akamwekea kiganjani. Mama akaifunga kwenye pindo la kanga. Picha bora kuliko zote alizowahi kupiga iliondoka studio pale, na yeye alisimama mlangoni akiitazama inakwenda.

Baada ya hapo alibadilika. Aliondoa picha zote za watu alizokuwa amezitundika nje ya studio kuvutia wateja, yule bibi harusi, yule askari, wale pacha wa kipaimara, na hakurudisha hata moja bila kwenda kwa mwenyewe kumwomba. Wengine walikubali, wengi walikwishahama. Kwa hiyo mbele ya studio yake kukabaki ubao ulio karibu mtupu, wenye alama za misumari, na mtu wa kuja angedhani biashara imefungwa. Baadaye kidogo ikawa kama imefungwa kweli. Lami ilianza kusogea, simu zenye kamera zikaingia kila nyumba, watu wakajipiga wenyewe na kujipaka weupe kwa vidole juu ya kioo cha simu, kila uso laini kama sahani. Alikuwa akiniambia kwa simu, kwa ule ukali wake, "Siku hizi hata mweusi anajifuta mwenyewe, mimi sihitajiki." Akabaki na kurudufu karatasi na picha ndogo za fomu. Figo zikaanza kumsumbua, akawa wa kwenda na kurudi hospitali, pikipiki ikauzwa.

Ndiyo maana picha ile ya kundini iliniuma. Mtu aliyekuwa anakwenda kubisha hodi kuomba ruhusa ya kutundika sura ya mtu, alipokata roho tu akasambazwa taya limefungwa kitambaa kwa watu ambao hata jina lake hawalijui vizuri. Na si yeye peke yake. Ajali ikitokea barabarani, kabla ya kumtafutia majeruhi maji, simu zimekwishainuliwa. Mgonjwa analazwa, ndugu wanampiga picha mipira ikiwa puani ili watu wajue walikwenda kumwona. Sisi tunaita hiyo ni taarifa. Mimi naiona ni njaa, na sijui ya nini. Niliwaandikia wenzangu kundini waiondoe. Mmoja akanijibu, "Mkuu, mbona unakuza mambo, mtu kashafariki." Nikajitoa.

Nilikwenda kumzika. Mnero ilikuwa na mawingu, katekista aliongoza sala kwa sauti iliyokauka, mjane akashikiliwa huku na huku. Watu hawakuwa wengi. Wakati wa kurudisha udongo nikamwona mama mmoja amekaa pembeni na wanawake, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, nikamtambua kabla hajanitambua. Alikuwa ametoka Matambarale alfajiri. Tulisalimiana, akanipa pole, nikampa pole, tukakaa kwenye benchi la ukuta wa kanisa. Ili kuondoa uzito nikamuuliza kama ile picha anayo bado.

"Ninayo," alisema. "Nimeitundika. Ukiingia tu mlangoni unaiona."

Nilifurahi. Nilijiambia, kumbe nyakati zimetulia, mama yule ambaye nilisikia alikuwa akiificha picha chini ya gunia la mbaazi sasa anaitundika wageni waione. Nikasema kitu kama hicho, kwamba tunamshukuru Mungu hofu imepungua.

"Sasa nimfiche nani, Mwalimu?" alisema.

Sikuelewa. Akanieleza akiwa anatazama mikono yake. Binti alimaliza shule ya bweni salama. Hakuna aliyemgusa. Akarudi nyumbani, kazi hakupata, akashika jembe kama mama yake, na msimu wa ufuta haumsubiri mtu apate kivuli. Kilianza kidonda kidogo nyuma ya sikio. Wakakipaka dawa za dukani. Kikapona juu, kikala chini. Walipofika hospitali waliambiwa ni saratani ya ngozi, imekwishaingia ndani, wangekuja mapema. Alifariki akiwa bado msichana. Fundi naye akiwa tayari mgonjwa alikwenda kumzika, akasimama mbele ya ile picha ukutani, kisha akaomba maji ya kunywa akaondoka.

"Usiku tulikuwa tunamfungia, tunaogopa watu," alisema mama. "Kaka yangu analala mlangoni na panga. Asubuhi tunamfungulia, anakwenda shambani, jua kali. Siku zote hizo. Hakuna aliyelala mlangoni kwa ajili ya jua."

Neno hilo nimelifikiria tangu siku hiyo, na nimeona kwamba tulikuwa na watu wengi wa kumlinda mtoto yule, mjomba, mama, walimu, shule yenye uzio, wote tukikodoa macho kumtafuta muuaji mwenye miguu miwili. Katika sisi wote aliyewahi kujiuliza mwanga unamfanya nini mtoto yule ni mpiga picha mkorofi mwenye dumu la sabuni na shumizi ya mkewe, naye alijiuliza kwa ajili ya picha tu, akapata jawabu la picha. Lile tishio kubwa lilikuwa mbele yetu kila kukicha, linachomoza upande uleule, na hatukuliona kwa sababu halikuja na panga. Msomaji, kama katika darasa lako, mtaa wako au shamba lako yuko mtu mwenye ualbino, usianze kwa kumwonea huruma wala kumpiga picha. Mtafutie kofia yenye ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu, ulizia mafuta ya kujikinga na jua kwenye hospitali iliyo karibu, mwachie kazi ya kivulini, na ukiona kidonda kisichopona, hata kikiwa kidogo, mpeleke. Fanya hivyo kesho asubuhi, kabla jua halijapanda.